Ukurasa wa Arobaini na Moja

3 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile jicho lililofanyiwa upasuaji sasa linaona angalau nusu ya makosa ya watu, maana likiona yote hatutapumua. Msalimie sana mkaza mjomba. Huku hatujambo. Mama amenunua cherehani mpya na ile ya zamani amekataa kuiuza, kwa hiyo sebuleni hakuna pa kuweka miguu. Baba yupo, anaendelea kutengeneza feni na pasi za majirani katika kile chumba cha nyuma.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu nakujua. Ukipigiwa simu husikii, ukitumiwa ujumbe hujauona, ila barua unaisoma mpaka nyuma ya bahasha.

Jambo lenyewe ni hili. Kiwanda cha lifti, kile kile ulichofanyia kazi miaka ishirini na sita, kinatafuta watu wa kuandika kiini cha mfumo endeshi wa mitambo yao, ile programu ya chini kabisa inayoamua nani atumie kumbukumbu ya kompyuta, mota izunguke lini, mlango ufungwe lini. Usaili ni mwisho wa mwezi wa nane. Kila mwombaji anachagua lugha moja ya programu na kwenda na kiini kidogo alichokiandika mwenyewe. Mimi nimezoea tovuti za maduka, na nimechoka kubadilisha rangi za vitufe. Wapo wanaoniambia nijifunze C, wapo wanaoniambia Rust. Muda wa kuzijua vizuri zote mbili sina. Katika ukoo mzima wewe ndiye unayejua mambo haya. Tena wanataka barua ya mtu wa kunidhamini, na jina lako pale wanalitaja wakiwa wamekaa wima.

Unajua kwa nini nataka pale na si kwingine. Baba alifukuzwa pale. Lifti ilipanda mlango ukiwa wazi, fundi mwenzake akavunjika nyonga, na kikao kikaamua kwamba baba hakukaza nyaya za swichi ya mlango. Nilikuwa na miaka sita. Miaka kumi na tisa imepita na bado watu wanamwita Fundi Nyaya. Nataka nipite geti lile na kitambulisho changu shingoni, na mtu yeyote asithubutu kunong'ona.

Naomba ushauri wako na barua yako.

Mpwa wako.


27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Jicho linaona. Limeona kwamba katika barua ya kurasa mbili umefuta maneno saba, na mtu anayefuta maneno saba hajui anachotaka kusema. Mkaza mjomba wako anakusalimu, magoti yanamsumbua. Mwambie dada cherehani mbili kwa mtu mmoja ni maonyesho.

C au Rust! Swali lenyewe limenitia kichefuchefu. Hivyo vitovuti vyako sivitaji, tusije tukachafua karatasi. Lakini hiyo Rust nimeisoma. Nilimaliza kitabu kizima kwa jicho moja nikisubiri jingine lipone, na nilicheka mpaka muuguzi akaja kuniangalia. Ni lugha ya watu wanaotaka kushikwa mkono kuvuka barabara. Ukitaka kutumia kitu inakuuliza mwenyewe ni nani. Ukitaka kukiazima inakuuliza utakirudisha lini. Kompaila, ambayo kazi yake ni kugeuza maandishi yangu yawe lugha ya mashine na kunyamaza, eti inanibishia ndani ya programu yangu mwenyewe! Na wakizidiwa wana sehemu wanayoiita isiyo salama, humo wanalegeza masharti na kufanya yale yale tunayofanya sisi mchana kweupe.

C ni lugha ya watu wazima. Ukichukua kipande cha kumbukumbu ni chako, ukikiachia umekiachia, na ukikosea umekosea wewe. Nenda kaangalie viini vikubwa vinavyoendesha kompyuta za dunia, uone vimeandikwa kwa lugha gani. Anayesema C ina makosa ni mjinga anayetafuta wa kumsingizia.

Nakutumia furushi. Ni kurasa sitini za kiini nilichowaandikia wale wa lifti. Nakili kwa mkono, kwa kalamu ya wino, kurasa kumi na tano kila mwezi au miwili, uniletee nakala yako niisahihishe kwa nyekundu. Nilivyofanya kazi ndivyo hivyo: msimbo haujasomwa mpaka usomwe kwenye karatasi. Kwenye skrini watu wanatazama tu. Ukimaliza furushi nitaandika hiyo barua ya udhamini, kwa sharti moja, kwamba lugha utakayokwenda nayo ni C. Sitaki jina langu lisimame karibu na upuuzi.

Kuhusu baba yako sina la kuongeza. Shemeji ni mtu mpole, anasalimia vizuri, lakini upole haujawahi kukaza skrubu. Nilikuwepo kwenye kikao kile. Kama una bahati, mikono umerithi kwetu.

Mjomba wako.


30 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba aweke magoti kwenye maji ya moto, mama anasema yanasaidia. Mama mwenyewe amekasirika kwa neno "maonyesho", lakini amelirudia kwa majirani wote, kwa hiyo nadhani limempendeza.

Kurasa kumi na tano hizi hapa. Kidole changu cha kati kimeota sugu. Nakiri kwamba unaandika vizuri, Mjomba. Kila mstari umekaa mahali pake, hakuna mbwembwe. Nilipofika pale unapogawa zamu, mota dakika yake, vitufe dakika yao, nilisimama nikacheka peke yangu kwa raha.

Sasa usichane barua. Jioni, baada ya kunakili, najifunza pia Rust. Ni kweli inabisha. Jana imenikatalia mara kumi na moja mstari mmoja, na mara zote kumi na moja mwenye kosa nilikuwa mimi. Inakera kuliko wewe, ila yenyewe inaeleza sababu.

Jambo moja sikulielewa. Niliweka furushi lako kwenye meza ya chakula. Baba alisoma jina lako juu ya ukurasa wa kwanza, akaweka kikombe chake chini na kutoka, na chai haikuwa hata imepoa. Nilimfuata nikamuuliza, akasema ana feni ya mtu. Humo ndani taa iliwaka na kuzima kidogo, mama akapiga kelele kutoka sebuleni kama kawaida yake, "Nyaya zako hizo!" Baba akaendelea na feni. Hajawahi kumjibu hata siku moja.

Unajua alichosema baba kwenye kikao? Nyumbani hatulizungumzi.

Mpwa wako.


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Magoti ya mkaza mjomba wako ni yale yale, maji ya moto yamemaliza gesi tu.

Nakurudishia kurasa zako. Makosa tisa, nimeyazungushia. Alama ya nukta mkato umeisahau mara nne, na C haitakubembeleza kwa hilo. Mwandiko wa tarakimu zako ni wa daktari mlevi: moja na saba hazitofautiani. Zaidi ya hapo, afadhali.

Hiyo habari ya Rust nimeisoma kama mtu anavyosoma tangazo la dawa ya upara. Mara kumi na moja umekosea, na umekuja kujisifu! Mwanafunzi wangu wa kwanza pale kiwandani alikosea mara mbili nikamwambia akauze vocha. Unajidhoofisha. Siku utakapoandika mahali ambapo hakuna wa kukushika mkono utaanguka kifudifudi, na watu watauliza huyu ni mpwa wa nani.

Mvua huku zimekatika mapema. Jirani amejenga ukuta uliopinda, anasema ni macho yangu.

Mjomba wako.


11 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pole na ukuta. Mama amepata kazi ya kushona mapazia ya hoteli nzima, na sasa cherehani zote mbili zinalia, kwa hiyo amesema urudishe lile neno lako.

Kwenye swali langu la mwisho hukunijibu. Labda hukuliona.

Nimefika ukurasa wa arobaini na tano, na nimekuja na swali la kweli, si la utani. Ili nijipime, sehemu ya mlango niliichukua kutoka C nikaiandika upya kwa Rust, mstari kwa mstari, bila kubadilisha mpangilio wako. Kompaila imekataa. Imekataa ukurasa wa arobaini na moja na imekuwa king'ang'anizi. Nimehangaika siku nne nikidhani ni mimi.

Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Programu inachukua kipande cha kumbukumbu na kuandika humo hali ya mlango, uko wazi au umefungwa. Mstari wa kumi na mbili unakiachia kipande hicho, yaani unakirudisha ili wengine wakitumie. Kisha mstari wa kumi na tisa mota inakwenda kusoma kipande kile kile ili ijue kama ipande. Mjomba, si kimesharudishwa? Ni kama kurudisha ufunguo wa chumba cha wageni halafu kwenda kulala humo. Siku nyingi utakuta chumba kitupu na kitanda kama ulivyokiacha. Siku moja utamkuta mtu. Kama katikati hapo kipande kimepewa kile kioo cha namba za ghorofa, mota itasoma namba ya ghorofa na kudhani inasoma mlango, na itapanda mlango ukiwa wazi.

C imeipitisha bila hata kukohoa. Rust ndiyo hiyo inayogoma, eti natumia kitu ambacho si changu tena. Bila shaka kuna mahali sijaelewa, maana mtu kama wewe huwezi kuacha shimo kama hilo. Nakutumia nakala za kurasa zote thelathini, kuanzia wa kumi na sita. Nimefunga kipande cha uzi kwenye ule wa arobaini na moja.

Mpwa wako.


12 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Posta wameniambia kifurushi ulikisaini tarehe kumi na tisa mwezi uliopita. Natumaini jicho halijaleta matata.

Usaili ni wiki saba zijazo na ukurasa wa arobaini na moja bado sijauelewa. Hata neno moja litatosha.

Mpwa wako.


14 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Jicho halina neno. Nilikuwa na shughuli. Tumepaka rangi vyumba viwili, na fundi wa rangi amenimalizia subira yote niliyokuwa nimebakiza. Mkaza mjomba wako amekwenda kwa dada yake wiki tatu, nimejipikia mwenyewe na nimejua kwamba kazi yenyewe ni rahisi, watu wanaikuza tu. Mwambie mama yako mapazia ya hoteli ni kazi nzuri. Lile neno nalirudisha.

Kurasa zako ziko humu, zimesahihishwa. Umeboresha tarakimu.

Ukurasa wa arobaini na moja umenakili vibaya. Mstari wa kuachia kumbukumbu si wa kumi na mbili, unatakiwa uwe wa ishirini, baada ya mota kusoma. Nimekuchorea mshale. Uliruka mstari kisha ukaurudisha pasipo pake, ndivyo anavyofanya mtu anayenakili huku akili iko kwenye vitu vya kisasa. Halafu siku nne unahangaika na kompaila, na kosa liko kwenye vidole vyako! Nilidhani mikono umerithi kwetu. Naona nilikosea, hiyo ni ya upande wa baba yako mtupu.

Barua ya udhamini nimeiambatisha, kurasa mbili, sijawahi kumsifu mtu hivyo. Nenda na lugha unayotaka, sitaweka masharti. Hilo furushi nirudishie kwa posta ya haraka, ninalihitaji. Kiasi ulichonakili kinatosha.

Mjomba wako.


6 Septemba

Mjomba,

Hatujambo. Salamu nyingine leo sina.

Uliposema nimenakili vibaya niliamini. Nakwambia ujue: niliamini. Nilikaa kitandani nikajiona mjinga mpaka masikio yakawa ya moto. Kisha nikafungua furushi ili nione nilivyoruka mstari. Sikuruka mstari. Ukurasa wako wa arobaini na moja, uliochapwa kwa mashine ya kiwanda, una mstari wa kuachia pale pale, wa kumi na mbili. Nimenakili neno kwa neno. Umelisahihisha kosa lako mwenyewe kwa kalamu nyekundu, ukaandika juu yake jina langu.

Tarehe ya kuchapwa iko juu ya kila ukurasa, na ni wiki tatu kabla ya ajali. Huo ndio msimbo uliokuwa ndani ya lifti siku ile.

Wewe ambaye huoni haya kumsuta mtu kwa nukta mkato! Wewe uliyemwambia mwanafunzi akauze vocha kwa makosa mawili! Nimekuheshimu tangu najifunza kusoma. Ulikuwa ukija nyumbani naweka kiti chako karibu na dirisha na kumnyamazisha kila mtu ili uongee. Sasa nikikumbuka ulivyokuwa ukikaa pale, ukinywa chai ya baba yangu na kumtania mbele ya mkewe kwamba asishike taa, sitaki hata kukitazama kiti kile. Unasema C ni ya watu wazima, ukikosea umekosea wewe. Uliyaandika maneno hayo kwa mkono gani?

Nilimpelekea baba karatasi zote mbili, yako na yangu. Alifuta mikono, akasogeza feni pembeni. C haijui, kwa hiyo nilimweleza habari ya ufunguo na chumba. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka kidole kwenye mshale wako mwekundu na kukiacha hapo. Mama alikuwa mlangoni na mkasi wake, alikuwa amesikia yote. Alikaa chini sakafuni, yeye anayelalamika kila siku kuhusu vumbi la chumba kile, akalia kwa sauti. Alikuwa akisema, "Miaka kumi na tisa namwambia nyaya zako hizo." Baba alimsaidia kuinuka.

Usaili nilikwenda, na sikupeleka barua yako. Waliniuliza kwa nini Rust. Nikawaambia C nimejifunza kuisoma, kwa sababu dunia imejaa misimbo iliyoandikwa na watu wanaojiamini kupita kiasi na lazima mtu aweze kuisoma. Kuandika nitaandika kwa lugha inayonibishia. Wamenichukua. Naanza mwezi wa kumi na moja. Habari ya ukurasa sikuwaambia, kwa sababu hiyo ni ya baba kwanza, na baba hajaamua.

Furushi sirudishi.

Baba hana maneno mengi, unamjua. Hakukutukana, ingawa nilimsubiri akutukane. Ameniambia nikuulize kitu kimoja tu: ulijua lini. Labda hukujua. Labda umeona mwaka huu, nilipokutumia nakala, ukashtuka na kudanganya kwa woga wa uzee. Naona hilo ndilo analolitaka, ili aweze kukusamehe. Mjibu.


20 Oktoba

Mpwa wangu, na shemeji, maana najua barua hii mtaisoma pamoja,

Hatujambo sote wawili. Nimeandika barua hii mara tano.

Kwenye sanduku langu kuna mafurushi mawili yaliyofungwa kwa kamba ya aina moja. Moja ni la kabla ya ajali na moja la baada. Nilichukua lisilo lenyewe, kwa kujiamini, bila hata kuangalia tarehe. Ulipotuma swali lako nilisadiki una lile la baada, kwa hiyo nikajisemea umenakili vibaya. Kwa saa moja nilifurahi sana kwamba nimepata wa kumtupia. Kisha nikafungua sanduku nikaona kilichobaki. Ndiyo maana nilichelewa kujibu, kisha nikakuandikia uongo ule na kulitaka furushi kwa posta ya haraka.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya kiwandani, nimeisaini na kueleza yote. Bahasha yake sikuifunga. Shemeji aisome kwanza, na yeye ndiye ataamua kama ipelekwe. Hayo ya kusamehewa siyaombi, naona aibu hata ya kuyaomba.

Mmeuliza nilijua lini.

Ajali ilikuwa Jumatatu mchana. Jumanne asubuhi nilichapa msimbo wote nikausoma kwenye karatasi, ukurasa kwa ukurasa, kama ninavyowasumbua watu wengine wafanye. Jumatano nilipeleka programu mpya kwenye lifti zote na kuandika kwenye fomu kwamba ni maboresho ya kawaida. Meneja alinishukuru kwa bidii. Nilikuwa nimekwisha kutangaza mbele ya ofisi nzima, mara nyingi, kwamba anayeandika kosa la namna hiyo ni mjinga, na sikuweza kuwa mjinga huyo. Niliona ni rahisi zaidi awe mtu mwingine, na kwa kweli nilianza kumdharau shemeji siku ile ile, ili iwe rahisi zaidi. Nimeendelea mpaka mwaka huu.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Shemeji alisimama akasema alivuta kila waya mara tatu kabla ya kufunga kifuniko. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, alidhani kusema kweli kunatosha. Kisha akanitazama mimi, si mwenyekiti, kwa sababu mimi ndiye ndugu pekee aliyekuwa naye mle ndani, akangoja nimsaidie. Mwenyekiti akaniuliza, je, inawezekana tatizo liko kwenye programu? Nikasema haiwezekani, ni nyaya.

Mwambie baba yako nilijua tangu Jumanne.